Dawati la Mali Zilizoolewa

"Wananchi wote mnatangaziwa! Kuanzia leo, mali yoyote ya mwanamke aliyeolewa, iwe shamba, mnazi, cherehani, bata au mtumbwi, inahesabika nayo imeolewa! Mwanamke mwenye mali isiyo na kivuli cha mume aifikishe Dawatini ipatiwe kivuli! Atakayekaidi asije akasema hakusikia!"

Tangazo hilo lilizunguka mji wa Kibiti asubuhi ya Jumatatu, kutoka kwenye spika iliyofungwa juu ya bajaji, na kila lilipopita watu waliacha chapati zikiungua wakatoka barazani kusikiliza. Wako waliocheka mpaka wakashika mbavu. Bwana Abdalah Sadala, aliyeketi kiti cha nyuma cha bajaji hiyo ndani ya kaunda suti iliyopigwa pasi ikasimama, hakucheka. Tangazo alilitunga mwenyewe, na kila spika ilipofika kwenye neno "kivuli" alihisi fahari ikimpanda mgongoni kama siafu.

Bwana Abdalah alikuwa Mkuu wa Dawati la Mali za Wanandoa. Dawati lenyewe lilikuwa changa. Wakubwa wa mbali walilianzisha ili lifanye jambo moja tu: kuwaeleza wanawake kwamba kwa mujibu wa sheria, ndoa haibadilishi umiliki. Alichokuja nacho mwanamke ni chake. Anachokichuma kwa jasho lake ndani ya ndoa ni chake. Akitaka kukiuza atauza, akitaka kukigawa atagawa, akitaka kukikalia atakikalia, wala hapigi magoti kwa mtu.

Bwana Abdalah aliisoma sheria hiyo kwa utulivu, akaona ina dosari kubwa. Haikuliachia Dawati kazi yoyote. Mwanamke ana chake, basi, kwisha; sasa afisa asimamie nini? Muhuri upigwe wapi? Na posho ya ziara itatoka kwenye ziara ipi?

Akakaa chini, akaiboresha. Kazi hiyo ilizaa Mwongozo wa Uratibu wa Mali Zilizoolewa, na hoja yake ilikuwa nyepesi hata mtoto wa chekechea angeielewa: mwanamke haolewi peke yake, anaolewa na vilivyo vyake. Mnazi wake umeolewa. Kuku wake wameolewa. Kitu kilichoolewa hakikosi kuwa na mume, na mume hakosi kuhitaji mtu wa kuthibitisha kwamba ni mume. Mtu huyo ndiye Bwana Abdalah.

Ziara ya kwanza ilikwenda Mtapatapa, kijiji cha wakulima wa mpunga kilichojibanza kati ya barabara ya lami na bonde. Wanakijiji walikusanyika mbele ya ofisi ya kijiji, na Bwana Abdalah akawaeleza kwa lugha nyepesi.

"Kwa muktadha wa ngazi ya kaya," alisema, "tunafanya uratibu shirikishi wa vivuli."

Watu wakatazamana. Ajuza mmoja, Bi Habiba, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, mie mume wangu kafa mwaka ule wa mafuriko. Kuku wangu je? Nao wajane?"

"Swali zuri sana, mama yangu. Kuku wako wanapaswa kukaa eda."

"Eda ya kuku muda gani?"

"Hilo liko kwenye mchakato."

"Na jogoo?"

"Jogoo yuko kwenye kifungu kingine."

Zamda, karani wa Dawati, aliyekuwa ameketi nyuma ya mkuu wake, aliinamisha uso ndani ya mtandio. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Bwana Abdalah alidhani analia kwa kuguswa na hali za wajane.

Hapo ndipo mashine ilipowashwa. Ilikuwa mashine ya kukoboa mpunga, ndani ya banda la bati hatua chache kutoka pale, na ilipoanza kunguruma sauti ya Dawati ilizama kabisa. Bwana Abdalah alisubiri. Mashine haikusubiri.

"Mashine ya nani hiyo?" alifoka.

"Ya Sihaba!" watu walimjibu.

"Sihaba ndiye nani?"

"Mke wa Hemedy!"

"Basi ni ya Hemedy!"

"Aka! Ya Sihaba!"

Na kweli ilikuwa ya Sihaba. Kabla hajaolewa mama yake alimwachia mikorosho kule Ruaruke, na Sihaba alikuwa anaipalilia mwenyewe, anaokota mwenyewe, anauza mwenyewe, msimu hadi msimu, mpaka akaleta mashine ile Mtapatapa juu ya trekta la kukodi, watoto wakikimbia nyuma yake. Akina mama wa kijiji waliweka mchi chini siku ile. Hilo kila mtu alilijua. Bwana Abdalah aliambiwa lote, kwa vinywa vingi kwa pamoja, na lililomgusa ni moja tu: mashine ile imekaa ndani ya ndoa miaka yote hiyo bila kivuli.

Akaifunga. Mlango wa banda ulizungushiwa utepe mwekundu, ukapigwa lakiri, na ndani mkabaki mashine pamoja na magunia ya mpunga wa watu waliokuwa wanangoja zamu.

Kesho yake Sihaba na Hemedy walikuwa ofisini Kibiti kabla Zamda hajafungua madirisha. Dawati lilikuwa limepanga vyumba viwili vya mbele vya nyumba moja ya wageni iliyotazama barabara ya Kilwa, jengo jipya lenye marumaru mpaka kwenye ngazi. Sihaba alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kupasua. Miaka ya kuongea na wateja juu ya injini ilikuwa imemsahaulisha kunong'ona. Mumewe alikuwa mkubwa wa umbo na mchache wa maneno, mkulima wa ufuta na mpunga, kofia ya mkono kichwani.

"Shikamoo, Mheshimiwa!" Sihaba alisema, na kalamu zikatetemeka kwenye kikombe.

"Marahaba. Mama, sisi hapa hatugombani na mtu. Jambo lako ni dogo. Bwana Hemedy, tamka tu: mimi mume nairidhia mashine."

"Siwezi, Mheshimiwa," alisema Hemedy.

"Kwa nini huwezi?"

"Si yangu. Nitairidhiaje?"

"Unairidhia kwa niaba ya mkeo."

Hemedy akamgeukia mkewe, akamwangalia juu hadi chini kama anayehakikisha. "Mke wangu huyu hapa. Hajafa wala hasinzii."

"Bwana Hemedy, hebu nikueleweshe. Mwongozo unakupa mashine. Bure! Wenzako wangeshukuru."

"Mheshimiwa, mie chuoni sikufika mbali. Lakini mwalimu wetu alitufundisha kwamba mali ya mke ni ya mke, nikila bila radhi yake nimekula haramu. Sasa wewe waniambia nisiposema ni yangu nimekosa. Haya, na Ramadhani hii inabisha hodi. Nikosane na nani, na wewe au na Mola wangu?"

Bwana Abdalah alifikiri. "Hilo la pili liko nje ya mamlaka ya Dawati," alisema.

Kwa uzoefu wake wa siku chache alijua kushughulika na waume waliotaka mali za wake zao. Hao walikuja wenyewe, wengine wakikimbia. Mume wa kukataa hakuwa amemwandalia kifungu. Ikabidi amtungie palepale, akampa Hemedy onyo la mdomo kwa kosa la kutelekeza ubwana.

"Baba," Sihaba alisema, na safari hii alijitahidi kushusha sauti, "mie onyo hilo nalipokea, tutagawana na mwenzangu. Ila mpunga wa watu umo bandani mwangu. Bati la pale linavuja, nilikuwa nangoja msimu wa korosho nilibadilishe. Mvua ikishuka ule mpunga unachipua. Watu wanataka mchele wa vitumbua vya futari, mie niwaoneshe majani? Nitapita njia gani pale kijijini?"

"Mama, Dawati haliendeshwi kwa kutazama mawingu."

"Basi niruhusu nitoe magunia tu."

"Magunia yako chini ya lakiri."

Sihaba alipotoka aliushika mkono wa mumewe mlangoni, na Bwana Abdalah, aliyekuwa anawatazama, aliona ni utovu wa nidhamu lakini hakuukumbuka ni wa kifungu kipi.

Ufumbuzi alioupata aliuona ni wa huruma. Kama mume hataki kuiridhia mali, basi mali iozeshwe kwake rasmi, kwa kikao. Ijumaa baada ya sala akarudi Mtapatapa, amemchukua Zamda na muhuri. Wanakijiji walijaa mbele ya banda. Wengine walibeba watoto mabegani ili waone vizuri.

"Tumekutana," alianza Bwana Abdalah, "kwa ajili ya kuiunganisha mashine hii na Bwana Hemedy kwa mujibu wa Mwongozo."

"Mnaniozesha mashine?" aliuliza Hemedy.

"Kiutawala."

"Walii wake nani?" mzee mmoja alidakia.

"Kiwanda," alijibu Bwana Abdalah bila kusita, kwa maana alikuwa amejitayarisha.

Sihaba akasimama katikati, mikono kiunoni. "Sikubali! Nimeishi na huyu bwana bila mke mwenza. Leo mniletee mwenza anayekunywa dizeli na kupiga kelele kuliko mie?"

Kijiji kizima kilianguka chini kwa kicheko. Zamda safari hii aliomba ruhusa ya kwenda nyuma ya banda. Bwana Abdalah alisimama peke yake katika kicheko kile kama nguzo ya simu, akaamua kwamba upole una mwisho wake. Akatangaza kuwa mashine hiyo, kwa kuwa imekataliwa na mume na mke amekataa kuiozesha, imekuwa mali mseja, na Jumatatu litakuja lori kuichukua ikahifadhiwe kwenye ghala moja salama kule Ikwiriri.

Kicheko kikakatika. Sihaba aliketi juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa pale.

"Ikienda huko mie nifanye nini?" alimuuliza mumewe. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyesikia isipokuwa waliokuwa karibu.

Kabla Hemedy hajajibu, tone la kwanza likampiga puani. Wingu lilitokea upande wa mto, zito, na kwa muda wa kusema bismillahi mvua ikaporomoka. Watu wakakimbilia barazani. Maji yalianza kupenya kwenye bati bovu na kila mwenye gunia ndani aliyasikia yakidondoka juu ya mpunga wake.

"Tuvunje lakiri!" mtu alipiga kelele.

"Kuvunja lakiri ni jinai!" alijibu Bwana Abdalah kutoka chini ya mwavuli.

Hemedy alivua kofia akampa mkewe. Akaparamia ukuta wa banda, akajivuta juu ya paa, akatambaa mpaka kwenye lile tundu, akajilaza juu yake kifudifudi, mikono na miguu ameitandaza. Pandikizi lile la mwanamume liliziba bati lote bovu. Mvua ilimtwanga mgongoni mpaka adhana ya alasiri ikapita, na ndani ya banda hapakudondoka tena. Sihaba alisimama chini, kofia kifuani, akiloa naye.

"Teremka, Hemedy, utakufa na kichomi!"

"Mpunga unalia?"

"Umenyamaza!"

"Basi mie nipo."

Bwana Abdalah alimwagiza Zamda aandike kwamba mtuhumiwa amepanda juu ya mali iliyofungwa. Zamda alisema kalamu imelowa.

Jumatatu asubuhi lori lilikuwa limeegeshwa nje ya Dawati, injini inaunguruma, tayari kwa safari ya Mtapatapa. Sihaba na Hemedy walikuwa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha la mkuu. Hemedy alikuwa anakohoa. Walikuja kuomba mara ya mwisho, na Bwana Abdalah alikuwa amewaambia wangoje, maana kuombwa nako kuna utaratibu wake.

Akaingia mgeni mwingine. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa, akajitambulisha kuwa anaitwa Mrisho na kwamba anatoka kwa wakaguzi wa maadili, kwenye zoezi la kawaida la kuhakiki mali za watumishi. Aliletewa soda, akasema amefunga sunna ya Shaabani. Bwana Abdalah akaona mgeni asiyekunywa soda ni mgeni mbaya.

"Nina maswali machache tu, Mheshimiwa," Mrisho alisema. "Hii nyumba ya wageni tuliyokaa ndani yake, ambayo Dawati limepanga vyumba vyake, ni ya nani?"

"Ya mke wangu," alijibu Bwana Abdalah upesi. Jibu hilo alikuwa amelitunza muda mrefu.

"Ghala la Ikwiriri?"

"La mke wangu."

"Na malori mawili, likiwemo hilo linalotutia moshi hapo nje? Naona yameandikwa 'Sadala Safi'."

"Ya mke wangu."

"Sadala ni wewe."

"Ananipenda sana."

Mrisho aliandika. "Wewe mwenyewe una nini?"

"Mimi nina uzalendo."

Mrisho akaandika hilo pia. Kisha akatoa mkobani kitabu kidogo cha jalada la kijani, na Bwana Abdalah alikitambua kama mzazi anavyomtambua mtoto wake akiwa mikononi mwa askari. Ulikuwa Mwongozo.

"Nimeusoma jana," alisema Mrisho kwa upole. "Kazi nzuri. Hapa umesema mali ya mke imeolewa, na mwenye neno juu yake ni mume. Sasa kwa Mwongozo wako, malori haya ni yako. Nyumba hii ni yako, na Dawati linakulipa wewe pango. Au nimekosea kusoma?"

Bwana Abdalah alitazama kushoto na kulia. Aliona milango miwili, na kila mlango una mbwa. Mwongozo ukisimama, yeye mwizi. Mwongozo ukianguka, yeye fukara. Lakini mbwa wa fukara, alijiambia, hufugwa nyumbani. Yule mwingine hufugwa gerezani. Akasimama.

"Ndugu mkaguzi," alisema, "Mwongozo ule ni rasimu. Tena rasimu mbovu! Sheria ya nchi hii iko wazi kama mchana. Ndoa haibadilishi umiliki! Mwanamke ana chake, na chake ni chake. Mume hana kauli! Mume apite mbali! Kaka yake asikisogelee, baba mkwe asikinuse, na afisa yeyote atakayethubutu kukiwekea mkono, afisa huyo ni adui wa haki! Mwanamke hakuzaliwa awe ghala la mtu mwingine!"

Sauti ilimpanda. Hakuwahi kusema kwa ufasaha namna ile, kwa kuwa hakuwahi kusema akiwa na haja namna ile. Nje ya dirisha ikapaa sauti ya kupasua:

"Semaaa! Mwenyezi Mungu akuweke, Mheshimiwa!"

Ilifuatiwa na kigelegele, na kikohozi cha kuunga mkono.

"Hao ni akina nani?" aliuliza Mrisho.

"Wananchi," alijibu Bwana Abdalah kwa unyonge.

"Waingie. Nahitaji mashahidi."

Sihaba na mumewe wakaingia. Mrisho alimwomba Bwana Abdalah arudie aliyoyasema mbele yao, naye akarudia, macho kayakazia ukutani.

"Kwa hiyo mashine yangu ni yangu?" Sihaba aliuliza.

Mrisho alinyanyua kalamu, akamtazama mkuu.

"Yako!" alisema Bwana Abdalah.

"Kwa kivuli cha nani?"

"Hakuna kivuli! Nani kasema kivuli?"

"Mheshimiwa," Zamda alisema mlangoni, "bajaji inapita."

Na ikapita. Mali yoyote ya mwanamke aliyeolewa, ilipaza spika, inahesabika nayo imeolewa. Wote watano walinyamaza kwa adabu mpaka ikaishia mtaa wa pili.

"Ikamatwe," alisema Bwana Abdalah. "Huo ni uchochezi."

Bado mtu mmoja tu, alisema Mrisho: mwenye mali. Akaitwa kutoka ua wa nyuma, akaja anajifuta mikono kwenye kanga. Mke wa Bwana Abdalah alikuwa Bi Mwanahawa, mama wa makamo, uso umekauka kwa moshi. Ndiye aliyewapikia wageni wa nyumba ile. Kila mara mumewe alipomletea karatasi alikuwa anamwambia, we tia saini tu hapa, naye alikuwa anatia saini kisha anarudi kugeuza sufuria.

"Bi Mwanahawa," Mrisho alisema, "mumeo ametamka mbele ya mashahidi kwamba nyumba hii, ghala na malori ni mali yako binafsi, na yeye hana neno juu yake. Ni kweli?"

Bi Mwanahawa alimtazama mumewe.

"Kasema nani?"

"Yeye."

"Naomba aseme tena."

"Mama Hadija, si nimeshasema..."

"Sema, Baba Hadija. Mie huko jikoni sisikii vizuri."

Akasema. Neno moja moja, kama mtu anayetema meno yake kiganjani. Ilikuwa wazi kwa kila mtu mle ndani, na kwa Bwana Abdalah kuliko wote, kwamba mama huyu akitingisha kichwa tu, mumewe analala ndani leo. Alimwomba kwa macho. Hakuwahi kumtazama mkewe muda mrefu kama ule tangu siku ya kumvisha shela.

"Ni kweli," Bi Mwanahawa alisema hatimaye. "Vyangu."

Bwana Abdalah akavuta pumzi kama aliyeibuka kutoka mtoni.

"Umevichuma vipi, mama?" aliuliza Mrisho.

"Nyumba hii nimeanza kuipikia ina chumba kimoja na pazia. Nimefua mashuka yake, nimeamkia supu za wasafiri, nimeuguza watoto huku chapati zi jikoni. Sijalipwa hata siku moja. Kila ilipozaa chumba niliambiwa baraka. Haya, piga hesabu mwenyewe, mwanangu, mie kalamu si fani yangu."

Mrisho aliandika kwa muda, kisha akafunga kitabu chake. Alisema kwake limetosha; mtumishi hana kitu, mke ana vyake, na atapita mara kwa mara kuhakikisha hali hiyo haijabadilika.

"Baba Hadija," Bi Mwanahawa alisema, "kiti hicho nacho ni changu?"

"Ni... ni chako."

"Nyanyuka basi. Huyu kaka anayekohoa akae."

Hemedy alisema si neno, yeye anaweza kusimama, lakini mkewe alimsukuma akakaa. Bi Mwanahawa akaenda dirishani, akalitazama lori.

"Hili linakwenda wapi?"

"Mtapatapa," Zamda alimjibu upesi. "Kumnyang'anya huyu mama mashine yake."

"Lori langu?"

Bi Mwanahawa akamwita dereva kwa jina. "Mpeleke huyu dada kwake. Ukate utepe, abague mpunga uliolowa, uupakie ukauanike kwenye ghala langu la Ikwiriri, pana sakafu nzuri pale. Ukikauka umrudishie. Na yeye akae mbele na bwanake, asipande nyuma."

Sihaba alimshika Bi Mwanahawa mikono yote miwili, akaitikisa, akatoka. Jioni ile Mtapatapa nzima ilisikia mashine ikinguruma, na Bi Habiba alisema kuku wake wametoka eda.

Dawati lilihama wiki ileile. Bi Mwanahawa alivitaka vile vyumba viwili afungue mgahawa, akampa Zamda kazi ya kuuendesha. Lakini mtu asidhani kwamba Bwana Abdalah alipotea. Habari za hotuba yake ziliwafikia wakubwa wa mbali, wakavutiwa mno, maana walikuwa wanatafuta mtu wa kuizungumzia sheria ile kwa moyo. Wakampa cheo cha Mhamasishaji wa Haki za Mali za Wanawake Walioolewa, na pikipiki.

Tangu siku hiyo amekwenda Ngarambe, amekwenda Ruaruke, amevuka mpaka visiwa vya delta ambako mikutano hufuata maji kupwa na kujaa. Kokote aendako anasema ndoa haibadilishi umiliki, na anayasema hayo kwa uchungu ambao hakuna mhamasishaji mwingine aliyewahi kuufikia. Hapunguzi neno, kwa sababu mara kwa mara nyuma ya umati huonekana mtu mfupi mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa. Akifika mahali pa kusema kwamba mume hana kauli hata juu ya kijiko, machozi humtoka. Wanawake wanalia naye. Wanasema mwanamume wa namna ile hajazaliwa mwingine.

Mwezi uliopita alikuwa Mloka. Wakulima wa huko walianza kwa kumuuliza iwapo tembo wanaokula mahindi wanatofautisha shamba la mke na la mume, akawajibu kwamba tembo, kwa bahati mbaya, wametangulia katika usawa. Watu wakacheka. Halafu akasimama bwana mmoja nadhifu, saa ya dhahabu mkononi, mtu wa ofisi kwa sura yake, akauliza kwa sauti ya chini.

"Mheshimiwa, mimi nauliza kwa niaba ya rafiki. Mtu akiandikisha mali kwa jina la mkewe, kwa kujisitiri tu, sisi watu wazima tunaelewana. Halafu mke akasema vyangu. Mume anaweza kuvidai?"

Bwana Abdalah alitoa kitambaa, akafuta paji la uso, akakikunja tena vizuri, akakirudisha mfukoni.

"Hawezi, ndugu yangu," alisema. "Nimeuliza kila mahali."